TUNZA CHOMBO CHAKO: Oili, Mafuta ya Breki na Plagi ya Bajaji

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya upepo wa matairi. Mwezi huu tutazungumza juu ya oili, mafuta ya breki, maji ya rejeta na plagi. Mambo haya yanahusu bajaji na pia pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ambayo wengine huiita guta na wengine huiita toyo.

Kwanza nitakusimulia jambo lililonipata.

Siku moja nilipanda bajaji kutoka Old Moshi kuteremka Kiboriloni. Ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa abiria wawili, mama mmoja na mimi. Nyuma yetu ilikuwako mikungu minne ya ndizi mshare ambayo mama yule alikuwa akiipeleka kuuza. Barabara ile ina mteremko mrefu na kona nyingi. Dereva alikuwa akikanyaga breki muda wote. Tulipofika katikati ya mteremko, alikanyaga breki na kanyagio likazama hadi chini. Chombo hakikupunguza mwendo.

Mama alipiga kelele: "Mwanangu, simamisha!"

Dereva akajibu: "Shikeni vyuma, mama. Breki imezama."

Kijana yule hakupoteza akili. Alirudisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akaiegemeza bajaji kwenye ukingo wa udongo kando ya mibuni. Tukasimama. Hakuna aliyeumia, ila ndizi zilitawanyika barabarani, na mkungu mmoja ukapondeka.

Tulipokuwa tunaokota ndizi nilimwuliza: "Mafuta ya breki ulibadilisha lini?" Akasema: "Mzee, tangu nimepewa chombo hiki sijabadilisha. Huwa naongeza tu." Tulifungua kifuniko. Mafuta yalikuwamo, lakini yalikuwa meusi kama kahawa.

Ndugu msomaji, kopo moja dogo la mafuta ya breki lilitaka kutoa roho za watu watatu. Ndiyo sababu ya somo letu la leo.

Chombo hiki kilitoka wapi?

Chombo cha namna hii si kigeni duniani. Kiwanda cha Piaggio cha Italia kilianza kutengeneza pikipiki ya magurudumu matatu mwaka 1948. Waliiita Ape, maana yake ni nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa wingi. Jina la kampuni hiyo ndilo tulilolifanya jina la chombo chenyewe: bajaji. Leo bajaji inabeba wagonjwa, wanafunzi, ndizi, maziwa na mitumba. Vijana wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Wengine wamekopa ili kununua chombo. Wengine wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Chombo kikilala gereji siku tatu, hesabu ya siku tatu haipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze kuziba nyufa.

1. Oili ya injini

Ndani ya injini vyuma vinasuguana. Oili ina kazi tatu. Inazuia vyuma visilane. Inachukua uchafu. Tena inapoza injini. Bajaji nyingi hazina rejeta, hupozwa kwa hewa na kwa oili. Kwa hiyo oili ikipungua wakati unapanda mlima na mzigo, injini itapata joto kali mno. Pistoni inaweza kunata ndani ya silinda. Hapo gharama yake si ndogo.

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Fanya hivi:

Simamisha chombo mahali pa tambarare. Ukipima kwenye mteremko, kipimo kitakudanganya. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izime na ungoje dakika 5 ili oili ishuke chini. Chomoa kipimo, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kichomoe tena. Kipimo kina alama mbili. Oili iwe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo. Usizidishe alama ya juu. Oili ikizidi nayo huleta hasara.

Tazama pia hali ya oili. Oili nyeusi si ajabu, kwa sababu imechukua uchafu. Lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Ikinuka petroli, petroli inavujia humo. Ukishika na kuona chenga za chuma, kitu kinalika ndani. Kwa mambo hayo matatu, usiendelee na safari. Mwite fundi.

Kubadilisha oili

Kitabu cha chombo kinataja kilomita za kubadilisha oili. Kisome. Kama unapanda mlima kila siku na mzigo, au unapita kwenye vumbi jingi, badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Washa injini dakika 3 au 4. Oili yenye uvuguvugu hutoka vizuri pamoja na uchafu. Zima injini. Weka beseni chini. Fungua boliti ya kumwagia oili kwa spana inayoikaa sawasawa. Angalia usiungue. Acha oili itoke yote. Safisha chujio, au badilisha kama ni la kubadilisha. Futa boliti, angalia washa yake kama ni nzima, kisha uirudishe. Kaza imara lakini usitumie nguvu za kupasua kuni. Sehemu ile ni ya alumini, na meno yake hukatika upesi. Tia oili mpya, washa injini dakika moja, zima, ngoja, kisha pima tena.

Unaponunua oili, soma kopo. Hapa ndipo kisomo kinakulipa. Bajaji nyingi hutumia oili iliyoandikwa 20W-50. Tafuta pia maandishi JASO MA. Maana yake ni oili ya pikipiki, ambayo klachi yake inaoga katika oili hiyo hiyo ya injini. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya utelezi. Ukiitia kwenye bajaji, klachi inaweza kuteleza. Utasikia injini inalia mlimani lakini chombo hakiendi.

Bajaji za zamani za mipigo miwili ni tofauti. Hizo huchanganya oili maalumu pamoja na petroli, na gia zina oili yake. Guta lenye difu nyuma nalo lina oili nzito ya difu. Wengi husahau difu kwa sababu haionekani. Fungua boliti yake ya pembeni uangalie.

Usimwage oili chini

Oili iliyotumika ni sumu. Katika sehemu zetu za mlimani maji hupita katika mifongo, kutoka kihamba hadi kihamba. Oili uliyomwaga kwako leo, kesho itakuwa katika maji ya jirani yako aliye chini. Atawanywesha ng'ombe, atamwagilia mboga. Oili hiyo itie katika dumu, ulifunge, ulipeleke gereji kwa watu wanaokusanya oili chafu.

2. Mafuta ya breki

Ukikanyaga breki, kanyagio husukuma mafuta katika bomba jembamba. Mafuta husukuma vipande vinavyobana gurudumu. Mafuta hayabonyei. Ndiyo sababu nguvu ya mguu wako hufika kwenye gurudumu.

Lakini mafuta haya yana tabia moja. Hunywa maji kutoka katika hewa, kidogo kidogo, hata kama kifuniko kimefungwa. Sasa sikiliza hesabu hii. Mafuta mapya yaliyoandikwa DOT 3 hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji ya kutosha, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ukikanyaga breki muda mrefu kwenye mteremko, joto lake ni kali sana. Mafuta yaliyochoka yanachemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea kama mpira wa watoto. Unakanyaga, unabonyeza mvuke, na gurudumu halibanwi. Hayo ndiyo yaliyotupata sisi na ndizi zetu.

Breki zikipoa, kanyagio linaweza kurudi kama kawaida. Dereva husema: "Imepona." Haijapona. Itazama tena katika mteremko mwingine.

Fanya hivi:

Kila asubuhi tazama chupa ya mafuta ya breki. Ina alama mbili, MIN chini na MAX juu. Mafuta yawe katikati ya alama hizo. Yakishuka, usiongeze tu na kuondoka. Jiulize yamekwenda wapi. Huenda vipande vya breki vimelika. Huenda kuna mvujo. Tazama mabomba, na tazama upande wa ndani wa magurudumu kama pameloa.

Kabla ya kufungua kifuniko, kifute. Chembe moja ya mchanga inaweza kuharibu raba za ndani.

Soma kifuniko. Kikisema DOT 3, tia DOT 3. Kikisema DOT 4, tia DOT 4. Usitie oili ya injini hata tone moja. Oili huvimbisha raba za breki, na breki zinaweza kukwama au kufa kabisa.

Nunua kopo dogo ambalo halijafunguliwa. Kopo lililokaa wazi dukani au nyumbani limekwisha kunywa maji.

Mafuta haya hubabua rangi ya chombo na hudhuru macho. Yakimwagika, osha kwa maji mengi mara moja.

Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, au mapema kama yamekuwa meusi. Kazi hii huhitaji kutoa hewa yote katika mabomba. Kama hujafundishwa, mpe fundi. Wewe simama karibu, utazame. Hewa ikibaki ndani, kanyagio litakuwa laini kama sifongo.

Na jambo la mwisho juu ya breki. Unapoteremka, tumia gia ile ile ambayo ungetumia kupanda. Acha injini isaidie kuzuia chombo. Wako madereva wanaotoa gia ili chombo kiteleze chenyewe, wakisema wanabana petroli. Kijana wetu alikuwa mmoja wao. Petroli unayobana ni ya shilingi chache. Maisha ya abiria hayana duka.

3. Maji ya rejeta na maji ya betri

Pikipiki nyingi za mizigo zina rejeta. Pima maji yake asubuhi, injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto. Maji yaliyobanwa yataruka usoni na kukuunguza vibaya. Tumia maji maalumu ya rejeta yanayouzwa dukani. Maji ya mfongo yana udongo. Udongo huziba njia ndogo za rejeta, na ukishaziba, injini itachemka kila unapopanda.

Betri nyingine zimefungwa kabisa, hazihitaji maji. Zile zenye vifuniko, angalia kila mwezi. Ongeza maji ya betri tu, hadi kwenye alama. Usitie asidi, wala maji ya bomba. Weka moto na sigara mbali.

4. Plagi

Plagi ni kitu kidogo, lakini bila plagi chombo hakiwaki. Kazi yake ni kutoa cheche inayowasha petroli ndani ya silinda. Tufanye hesabu. Injini ya mipigo minne huwasha petroli mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, petroli huwaka mara 1,500. Gawanya kwa sekunde 60. Utapata mara 25 kwa kila sekunde. Ndiyo sababu plagi huchoka.

Dalili za plagi mbaya ni hizi: chombo kinawaka kwa shida asubuhi, kinakohoa, hakina nguvu mlimani, kinakunywa petroli nyingi. Bajaji nyingine ina plagi moja, nyingine ina zaidi ya moja. Hesabu za kwako. Plagi moja ikifa kati ya mbili, chombo kinaweza kuendelea kwenda huku kikila petroli yako bure.

Kufungua plagi:

(a) Ngoja injini ipoe kabisa.

(b) Vuta kofia ya plagi. Usivute waya.

(c) Puliza na ufute vumbi lililozunguka plagi. Ukifungua bila kusafisha, mchanga utaanguka ndani ya silinda.

(d) Fungua kwa spana ya plagi. Koleo hupasua kaure yake nyeupe.

Sasa isome plagi. Ndiyo, plagi husomwa kama kitabu.

Ikiwa ya kahawia hafifu na kavu, injini ni nzima.

Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Safisha kwanza chujio la hewa, kwa maana vumbi huziba pumzi ya injini.

Ikiwa nyeusi na imeloa oili, oili inapenya ndani ya silinda. Huenda ringi zimechoka. Kubadilisha plagi hakutaponya ugonjwa huo. Mwone fundi.

Ikiwa nyeupe sana, au ina vijipu vidogo, injini inapata joto mno. Huenda petroli ni kidogo, au plagi si ya namba yake. Usiendelee kubeba mizigo mpaka ujue sababu.

Plagi yenye masizi isafishe kwa brashi ndogo ya waya wa shaba. Halafu pima nafasi ambayo cheche hupita. Katika vyombo vingi nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kitabu kitakupa kipimo halisi. Tumia vile vibati vyembamba vya kupimia, ambavyo kila gereji inavyo. Kibati kipite kwa kugusa kidogo. Ukitaka kurekebisha, pinda ule mkono wa nje tu. Usiguse ncha ya katikati. Plagi iliyolika ncha itupe, nunua mpya.

Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole. Zungusha mpaka plagi ikae. Ikikataa, usilazimishe, itoe uanze tena. Kisha tumia spana. Plagi mpya yenye washa, kaza nusu mzunguko baada ya kukaa. Plagi ya zamani, kaza kidogo tu, chini ya robo mzunguko. Ukikata meno ya silinda, plagi ya bei nafuu itakuwa imekuletea kazi ya gharama kubwa.

Nunua plagi yenye namba ile ile iliyo katika kitabu. Usikubali kuambiwa, "Hii pia inaingia." Plagi ndefu inaweza kugongwa na pistoni. Tena kuna plagi za moto na plagi za baridi. Kwa kampuni moja namba kubwa ni plagi ya baridi, kwa kampuni nyingine ni kinyume chake. Kwa hiyo usikisie. Nenda dukani na plagi yako ya zamani mkononi, pamoja na namba uliyoiandika.

Watu wengine hujaribu cheche huku tundu la plagi likiwa wazi na dumu la petroli liko karibu. Hiyo ni hatari ya moto. Usifanye.

5. Weka daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Chora mistari mitatu. Andika tarehe, kilomita, na kazi uliyofanya. Mathalani: "Tarehe 4, kilomita 18,250, nimebadilisha oili." Siku ukitaka kujua kama oili imefika wakati wake, toa kilomita za zamani katika kilomita za leo. Ukiona oili inapungua kila wiki, daftari litakuonyesha mapema kuwa injini inaomba msaada. Na kama chombo si chako, daftari litamwonyesha mwenye chombo kuwa unakitunza. Hapatakuwa na ugomvi wa nani aliua injini.

Kazi ya fundi na kazi yako

Hatusemi usiende kwa fundi. Kutoa hewa katika breki, kubadilisha ringi, kufungua gia, hizo ni kazi za fundi. Lakini kupima oili, kutazama chupa ya breki, kuangalia maji na kusoma plagi ni kazi yako. Kazi za kila asubuhi hazizidi dakika 10. Kijana yule wa Old Moshi siku hizi huzifanya kabla ya kupakia mzigo. Nilimkuta Kiboriloni akiwa ameinama, kitambaa mkononi. Yule mama wa ndizi alikuwa amesimama kando anamngoja. Akaniambia: "Mimi siku hizi sipandi mpaka nimwone ameangalia breki."

Nawe abiria, fanya kama mama huyo. Uliza kabla ya kupanda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunapima oili mahali pa tambarare?

2. Mafuta ya breki yamepungua. Utafanya nini kabla ya kuongeza?

3. Plagi ni nyeusi na kavu. Utaangalia kitu gani kwanza?

4. Injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Petroli itawaka mara ngapi kwa dakika?

5. Katika kijiji chenu oili chafu inamwagwa wapi? Maji ya hapo yanakwenda kwa nani?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya taa na nyaya za umeme. Safari njema, na utunze chombo chako.